Kufundisha Mafrateri Kiingereza Ugenini: Mwongozo kwa Asiyesomea Ualimu

Kila mwaka Nairobi hupokea vijana waliotumwa na majimbo na mashirika yao kusoma falsafa au teolojia kwa lugha ambayo wengi wao hawajawahi kuitumia darasani. Wanatoka Kongo, Burundi, Madagaska, Msumbiji, Benin, Ethiopia, wengine Vietnam na Meksiko. Wanakuja kwa sababu vyuo viko huku: Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki pale Lang'ata kilianza mwaka 1984, Hekima ya Wajesuiti ikaanza mwaka huohuo, na Tangaza ikaanzishwa na mashirika kadhaa ya kitawa kwa pamoja mwaka 1986. Upande wa Waprotestanti ipo shule ya teolojia ya Karen iliyofunguliwa mwaka 1983, ambayo leo ni Africa International University. Kote huko, anayetaka kufaulu lazima akijue Kiingereza.

Kabla ya masomo, au pembeni mwake, nyumba za malezi hutafuta mtu wa kuwanoa wageni hawa. Mara nyingi mwalimu mwenye cheti hapatikani, au anapatikana lakini fedha hazipo. Anaombwa mtu kama wewe: mhasibu kutoka Mwanza aliyekuja kujitolea kwa mwaka mmoja, muuguzi mstaafu kutoka Kampala, mhitimu wa chuo aliyetumwa na parokia yake. Unajua Kiingereza, una moyo, ila hujawahi kusimama mbele ya ubao.

Nimewaona watu wa namna hiyo wakifanya kazi nzuri sana, na nimewaona wengine wakikata tamaa mwezi wa pili. Tofauti yao haikuwa ufasaha. Waliofaulu hawakujaribu kufundisha Kiingereza chote. Walifundisha Kiingereza cha kazi inayomngoja mwanafunzi, na walianzia kwenye maandiko ambayo mwanafunzi anayajua tayari kwa lugha nyingine. Mengi ya mwongozo huu yanatokana na hilo.

Kabla hujaondoka kwenu

Anza na karatasi. Ukiingia Kenya kama mgeni wa kawaida huruhusiwi kufanya kazi, na sheria ya uhamiaji haitofautishi kazi ya mshahara na kazi ya bure. Wanaokuja kwa shughuli za dini na za hisani huombewa kibali cha daraja I. Wa muda mfupi huombewa pasi maalumu. Taasisi inayokupokea ndiyo inayopaswa kulishughulikia jambo hilo pamoja nawe, kwa hiyo waulize mapema, na usikubali kuambiwa "njoo tu, mengine tutayaona huku."

Kisha uliza maswali machache kwa barua. Wanafunzi ni wangapi na wanatoka wapi? Vipindi ni vingapi kwa wiki na vya saa ngapi? Ni mlezi gani atakayekusimamia? Na kubwa kuliko yote: masomo rasmi yanaanza lini? Jibu la swali hilo ndilo litakaloamua mpango wako wote. Kama mafrateri wana miezi minne kabla chuo hakijafunguliwa, unaweza kujenga msingi taratibu. Kama wameshaingia chuoni, huna muda wa kuanza na "this is a pen". Kazi yako ni kuwasaidia kuisoma makala ya kesho na kuiandika insha ya Ijumaa.

Vitabu vya kubeba si vingi. English Grammar in Use cha Raymond Murphy, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1985, kimewaokoa watu wengi wasiosomea ualimu: ukurasa wa kushoto una maelezo, wa kulia una mazoezi, na majibu yako nyuma. Chenye jalada la buluu ni cha wanafunzi wa kati. Chenye jalada jekundu ni cha wanaoanza. Chukua pia kamusi iliyoandikwa kwa ajili ya wanaojifunza, kama ile ya Oxford iliyoanzishwa na A. S. Hornby. Kamusi ya aina hiyo inaeleza kwa maneno mepesi, tena inakuonyesha ni nomino ipi haina wingi, jambo utakalolihitaji kila siku. Kitabu cha tatu ni Good News Bible, tafsiri iliyokamilika mwaka 1976 kwa Kiingereza chepesi, ikiwafikiria pia watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Biblia Habari Njema tunayoisoma kwa Kiswahili ni ndugu yake.

Wajue kwanza

Usimwite mtu "wa Kifaransa" kwa sababu tu amesoma kwa Kifaransa. Frater wa Bukavu amekua na Kimashi nyumbani, Kiswahili sokoni, Kifaransa shuleni, labda na Kilingala cha nyimbo, na seminari ndogo ikamwongezea Kilatini kidogo. Kiingereza kwake ni lugha ya tano au ya sita. Mtu huyo ni hodari wa kujifunza lugha kuliko wengi wetu, na ukimuuliza alikijuaje Kifaransa atakueleza mbinu ambazo unaweza kuzitumia keshoyake.

Nchi anayotoka mwanafunzi inakuambia mengi, ila angalia na umri. Rwanda iliacha kufundisha kwa Kifaransa na kuhamia Kiingereza mwaka 2008. Mnyarwanda aliyeanza shule baada ya hapo amesoma hesabu na sayansi kwa Kiingereza, ilhali padre wa miaka arobaini na mitano kutoka jimbo lilelile alisoma kwa Kifaransa. Mwethiopia amesoma sekondari kwa Kiingereza, kwa hiyo huenda akaandika vizuri huku akiogopa kufungua mdomo. Msudani Kusini aliyekulia Khartoum huenda alisoma kwa Kiarabu, na mkono wake ulizoea kuandika kutoka kulia. Ukiwaweka hawa wote kwenye zoezi moja la kitabu, nusu yao watachoka na nusu watazama.

Siku za mwanzo kaa na kila mmoja dakika kumi. Mwombe akueleze safari yake ya kuja Nairobi. Mpe aya asome kwa sauti. Mwambie naye akuulize swali moja, kwa sababu wapo wanaojibu vizuri lakini hawawezi kuuliza. Mwisho aandike nusu ukurasa kuhusu kwao. Usiisahihishe karatasi hiyo, ihifadhi. Baada ya miezi mitatu umrudishie pamoja na aliyoiandika juzi, azitazame mwenyewe. Huna haja ya mtihani mwingine kumwonyesha alipofika.

Ujue pia kwamba nyumba ya malezi inaendeshwa na kengele. Kuna sala ya asubuhi, Misa, chai, chuo, kazi za mikono, michezo, sala ya jioni, chakula, kisha ukimya wa usiku. Kipindi chako huwekwa pale palipobaki nafasi, mara nyingi saa nane mchana wakati watu wamechoka. Usipange kuhutubia saa hiyo. Panga wasimame, wasemezane wawili wawili, watembee bustanini wakijadiliana. Na kengele ikilia, acha hapohapo. Mlezi atakuheshimu kwa hilo kuliko kwa cheti.

Anza na Marko

Mtaalamu wa New Zealand, Paul Nation, ambaye maisha yake yote amechunguza jinsi watu wanavyojifunza maneno, anasema msomaji anahitaji kuyajua maneno takriban 98 katika kila 100 ili aelewe vizuri bila msaada. Kwa mgeni aliyefika juzi, hakuna kitabu cha teolojia cha namna hiyo. Ila upo upenyo mmoja ambao wanafunzi wa vyuo vingine hawana: seminarista anaijua Injili. Anajua kinachofuata kabla hajakisoma. Neno asilolijua halimzibii njia, kwa sababu habari yenyewe inamsaidia kulikisia.

Injili ya Marko ndiyo inayofaa zaidi kuanzia. Ina sura 16 tu, sentensi zake ni fupi, na ni masimulizi matupu: alikwenda, akaona, akasema. Vitenzi vya wakati uliopita vimejaa kila mstari.

Tuchukue habari ya dhoruba ziwani, sura ya 4 kuanzia mstari wa 35 hadi 41. Jioni ya kuamkia kipindi, waambie waisome kwa lugha yao. Darasani, vitabu vikiwa vimefungwa, wasomee kwa Kiingereza polepole, mara mbili. Kisha uliza wamesikia nini. Mmoja atasema "boat", mwingine "wind", wa tatu "He sleep." Yaandike yote ubaoni kama yalivyo, bila kukosoa. Sasa waunganishe maneno hayo kuwa sentensi, wawili wawili, wajenge upya habari kadiri wanavyokumbuka. Hapo tu ndipo wafungue kitabu na kulinganisha. Yule aliyesema "sleep" ataona mwenyewe kitenzi kilivyoandikwa, na atalikumbuka umbo hilo kuliko kama ungemsahihisha mbele ya wenzake.

Sehemu inayofuata Nation anaipenda sana, nami pia. Kila mmoja anamsimulia mwenzake habari hiyo kwa dakika nne. Wanabadilisha wenza, anasimulia tena ileile kwa dakika tatu. Wanabadilisha tena, dakika mbili. Mara ya kwanza anakwama kila neno la tatu. Mara ya tatu maneno yanatiririka, kwa sababu hatafuti tena la kusema. Mtu aliyekaa wiki tatu akijiona bubu anajisikia akizungumza Kiingereza.

Malizia kwa swali lisilo na jibu moja. Kwa nini wanafunzi waliogopa zaidi baada ya bahari kutulia? Hapa utamwona frater ambaye jana alishindwa kuomba chumvi mezani akiinuka kitini kutetea kwamba hofu ya mstari wa 41 si hofu ya mstari wa 38. Atakosea nyakati, ataruka vihusishi, atachanganya "he" na "she" kama wafanyavyo wengi ambao lugha zao hazitofautishi. Mwache amalize. Ana jambo la kusema, na lugha hukua mahali penye jambo la kusema.

Usidharau majina. Mwanafunzi anayeijua Biblia yake vizuri anaweza kuduwaa mwalimu akitaja "James", kwa kuwa kwa Kifaransa barua hiyo ni ya Jacques, kwa Kireno ni ya Tiago, na kwetu ni ya Yakobo. Tengeneza orodha ya vitabu vyote vya Biblia kwa lugha za darasani, ibandike ukutani, na uwazoeze kuyatamka majina ya Kiingereza. Profesa akisema "turn to Isaiah", mtu asibaki akimtazama jirani yake amefungua wapi.

Ila weka onyo moja. Kiingereza cha sala za zamani, chenye "thy" na "hallowed", wanakishika haraka kwa sababu wanakisali kila siku, kisha wanakiingiza kwenye insha. Waambie mapema kwamba hicho ni cha sala tu.

Baada ya Marko, panda hadi hati za Kanisa. Hati hizo zina aya zenye namba, na namba ni zilezile katika kila lugha. Mpe Mkongomani aya ya 10 ya Laudato Si' ya mwaka 2015 aisome kwa Kifaransa, aifunge, kisha aisome kwa Kiingereza. Mmsumbiji afanye hivyo kwa Kireno. Hati nzima ina aya 246, na mbili kwa siku zinatosha. Ecclesia in Africa ya mwaka 1995 inafaa vilevile, na inazungumzia bara lao. Zote zinapatikana bure kwenye tovuti ya Vatikani. Kwa kusikiliza, Vatican News hutoa habari kwa Kiingereza, Kifaransa, Kireno na hata Kiswahili, na BBC Learning English ina vipindi vya dakika sita ambavyo mtu anaweza kuvirudia akifua nguo.

Maneno madogo ndiyo yanayowaangusha

Waliojitolea wengi huanza kwa kukusanya msamiati wa teolojia, wakidhani huo ndio mlima. Kwa aliyesoma kwa Kifaransa au Kireno, huo ni tambarare. "Incarnation", "resurrection", "redemption", "grace": anayajua karibu yote, anahitaji matamshi tu. Kinachomshinda ni "although", "whereas", "hence", "unless", "rather than". Akisoma sentensi yenye "unless" na kuiruka, anaelewa kinyume cha alichosema mwandishi, na hajui kwamba amekosea. Kinachofuata kwa ugumu ni vitenzi kama "argue", "claim", "assume", "imply", ambavyo profesa anavitumia kila dakika kueleza nani anasema nini na kwa uhakika gani.

Mwaka 2000 Averil Coxhead alichapisha orodha ya familia 570 za maneno yanayojirudia katika maandishi ya chuo ya fani mbalimbali, akiacha yale 2,000 ya kawaida kabisa. Itafute orodha hiyo. Maneno kumi kwa wiki, kila moja ndani ya sentensi ya mwanafunzi mwenyewe kuhusu jambo la kweli, ni mwendo unaobebeka. Kwa mafrateri wa Vietnam au Ethiopia, ambao Kilatini hakikuwaachia maneno ya bure, nenda polepole zaidi na urudie mara nyingi.

Wape pia sentensi za kujiokoa darasani, wazikariri kama wanavyokariri antifona: jinsi ya kumwomba profesa arudie, jinsi ya kusema hujashika sehemu ya mwisho, jinsi ya kukataa hoja ya mwenzako bila kumvunjia heshima. Mwanafunzi mwenye sentensi sita za namna hiyo hanyamazi muhula mzima.

Kuhusu matamshi, usiige lafudhi ya London. Maprofesa wao watakuwa Wakenya, Wanigeria, Wahindi, Waayalandi, Wamarekani. Wanachohitaji ni sikio lililozoea sauti nyingi. Waalike wageni wa nyumba waje wazungumze dakika kumi. Jambo moja tu la matamshi nalisisitiza sana, nalo ni mkazo. Mfaransa huupeleka mwisho wa neno. Sisi wa Kiswahili huuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na bila kujua tunautupa hapohapo kwenye "ministry" na "category". Kwa hiyo kagua kamusi kabla hujamfundisha mtu, maana atakuiga wewe. Alhamisi chukueni masomo ya Jumapili, frater aliyepangwa asome amesimama mbali, nawe ukae nyuma ya kikanisa. Kama hukumsikia, arudie polepole. Waumini watamshukuru.

Kalamu nyekundu

Insha ndiyo inayoamua kama mwanafunzi atabaki chuoni. Soma sentensi hii, ya aina utakayokutana nayo kila wiki: "The author demands if the researches of the Fathers are actual." Kila neno ni la Kiingereza, na maana imepotea. Mwanafunzi alikusudia kusema kwamba mwandishi anauliza kama utafiti wa Mababa wa Kanisa bado una maana leo. "Demander" ya Kifaransa ni kuuliza tu, lakini "demand" ni kudai. "Actuel" ni cha sasa, lakini "actual" ni halisi. "Research" haichukui wingi. Alitaka: "The author asks whether the Fathers' research is still relevant today."

Ukiijaza karatasi yake wino, atatazama alama, ataikunja na kuiweka. Fanya hivi: chagua aina mbili za makosa kwa kila insha, basi. Wiki hii ni nomino zisizo na wingi, kama "advice", "information", "evidence" na "research", pamoja na nyakati za vitenzi, kwa sababu aliyezoea Kifaransa ataandika "I have seen him yesterday". Pigia mstari chini ya kosa bila kuandika jibu. Arekebishe mwenyewe, akuletee tena. Kuandika upya ndiko kunakofundisha. Mengine yaache yapite kwa sasa, hata kama yanakuuma.

Kuna mstari ambao hupaswi kuuvuka, na utasukumwa uuvuke. Usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi kazi, frater atabisha hodi akiwa na kurasa kumi na macho mekundu. Kumwandikia ni kumdanganyia chuo, na muhula ujao atarudi akiwa vilevile. Kaa naye, mwulize aya ya kwanza inasema nini, aseme kwa mdomo, aandike alichosema. Hata mkimaliza aya mbili tu, ni zake. Jibu ni hilohilo kwa programu za simu za kutafsiri na kuandika insha. Zitumike kuangalia neno au kuhakiki sentensi aliyokwisha kuiandika, lakini yeye ndiye aanze. Kuhusu tanbihi na bibliografia usibuni chochote. Kila chuo kina mwongozo wake, uombe ofisini na mfuate huo.

Kiswahili chetu darasani

Wewe msemaji wa Kiswahili una zawadi ambayo mwalimu kutoka ng'ambo hana. Mkongomani wa Goma au Lubumbashi utamwelewa, Mrundi wa Bujumbura pia. Akiwa mgonjwa, akifiwa, akipotea kwenye kituo cha matatu pale Bomas, Kiswahili kitamfaa kuliko somo lolote. Kitumie bila haya.

Darasani lakini kuna watu wengine. Mmalagasi na Mbenini wamekaa hapohapo, na kila ukifafanua kwa Kiswahili unawafungia mlango. Siku chache baadaye darasa limegawanyika: wanaocheka na mwalimu, na wanaokaa kimya. Kwa hiyo kipindini tumia Kiingereza, ukiruhusu wenye lugha moja wanong'onezane neno linapokwama. Kisha anzisha saa ya jioni ya Kiswahili kwa wote, kwa sababu watakihitaji: Jumapili wanatumwa parokiani, Kibera au Kangemi, na bibi mgonjwa hatazungumza nao Kiingereza cha Tangaza. Saa hiyo wewe ni mwenyeji kwenye lugha yako, nao watakuona unavyofundisha kwa raha. Raha hiyo ihamishie kwenye vipindi vya mchana.

Heshima na mipaka

Mwite kila mtu anavyoitwa nyumbani humo: Frater, Padre, Brother, Sista, Mchungaji. Wengine ni mapadre tayari, wana miaka kumi ya parokia, na kukaa dawatini wakishindwa kutamka "th" mbele ya vijana ni msalaba kwao. Usimsahihishe mkubwa hadharani. Andika pembeni, mwambie baadaye. Ukiuliza "mmeelewa?" watakujibu ndiyo, wote, kwa adabu. Acha swali hilo. Mwombe mmoja aeleze kwa maneno yake, ndipo utajua.

Kutana na mwanafunzi mmojammoja mahali penye watu au chumbani mlango ukiwa wazi, na mlezi ajue ratiba yako. Usikopeshe fedha wala kukopa. Utasikia habari za vita vya mashariki ya Kongo, za mama aliyebaki kambini, za wito unaoyumba. Sikiliza kama binadamu, lakini ya wito mwachie mlezi wake wa kiroho. Na usiombe watu waandike insha kuhusu "familia yangu" kabla hujajua nani amepoteza familia. Mada ya mji, chakula au mtakatifu msimamizi haimjeruhi mtu.

Pakitokea mwalimu aliyesomea kazi hii, mpishe, au mwombe akukalie darasani kipindi kimoja akuambie alichoona. Ukiipenda kazi yenyewe, yapo mafunzo mafupi yanayotambulika, kama CELTA ya Cambridge, yenye saa 120 hivi za darasa na mazoezi ya kufundisha. Hayo ni ya baadaye, na wanafunzi walioko mbele yako hawawezi kuyasubiri.

Mwaka wa masomo katika vyuo vingi vya Nairobi huanza Agosti au Septemba, na wageni wengi hufika miezi kadhaa kabla ili washike lugha. Kama umeamua, mwandikie sasa gombera au mkuu wa masomo wa nyumba unayoifahamu. Mwambie wazi kwamba hukusomea ualimu, mtajie una miezi mingapi, na umwombe majina ya wanafunzi na lugha zao kabla hujakata tiketi.